Jibu: Mume wangu halali bila simu, niipekue?

Dada uliyeuliza kama uipekue simu ya mumeo kwa kuwa kila usiku anakupa mgongo mpaka saa saba: mimi nilikuwa mume huyo, miaka mitatu, hapa hapa Kwerekwe, Unguja. Mke wangu aliipekua. Hakukuta mwanamke. Alikuta mechi za mpira, magrupu ya siasa, video za magari, na bando la usiku nililokuwa nikilinunua kwa urahisi wake, na ukishalinunua unaona hasara kulala halijaisha. Nikajiona nimeshinda kesi. Mke wangu akaniambia, "Angekuwa mtu, ningejua nagombana na nani."

Usiku mmoja alifukiza udi, akatia asmini kitandani. Hapa kwetu hilo halihitaji kufasiriwa. Nikamwambia "nakuja", nikabaki ukumbini na simu. Nilipoingia alikuwa kaelekea ukutani, kajifunika khanga gubigubi. Asubuhi zile asmini zimesinyaa, zimekuwa rangi ya chai, moja imenasa kwenye waya wa chaja yangu. Hakusema neno. Hakutia tena karibu mwaka mzima, na mie hata sikuona kwamba hatii. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, intaneti ikawa haishiki. Nimelala chali, sina la kufanya, nikamuuliza mke wangu hali ya mama yake aliyeko Wete, Pemba. Akanyamaza, kisha akasema macho yamezidi, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. "Nilikwambia mara mbili." Tukazungumza mpaka adhana ya alfajiri.

Baadaye nikasoma utafiti uliochapishwa 2016 na Roberts na David wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani. Katika watu wazima 453, asilimia 46 walisema wenza wao huwapuuza kwa ajili ya simu. Nikamkumbuka mke wangu akizungumza na kisogo changu. Mazungumzo ndiyo yaliyokufa kwanza; mambo ya chumbani yalifuata tu.

Kwa hiyo usipekue. Wala usimseme usiku simu ikiwa mkononi, atajitetea. Mngoje ameshiba, ametulia, umwambie jambo moja tu lililompita, kama hilo la mama mkwe wangu. Sie simu zote mbili tunazichaji ukumbini baada ya Isha, hata ile yangu ya biashara. Na yako iwemo, dada, maana mke wangu naye alikuwa keshaanza kukesha na TikTok kwa upweke. Wiki ya kwanza ni ngumu, mkono unaitafuta simu chini ya mto usingizini. Akibisha kabisa, mtafute mtu mzima anayemsikiliza, ami yake au mjomba wake, mapema, kabla maneno hayajafika kwa kadhi.