Maswali ya wasomaji: Israeli, Palestina na ramani ambayo viongozi wanaijua

Tangu vita vya Gaza viliposimamishwa Oktoba 2025, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo hilohilo kwa sura tofauti. Nimechagua chache. Walioleta matusi badala ya maswali watanisamehe, nafasi haikutosha.

Kijiweni kwetu Mkristo yuko na Israeli, Muislamu yuko na Palestina, na ubishi unaishia hapo. Hivi hii si vita ya dini? (Msomaji, Temeke)

Ingekuwa vita ya dini tu, George Habash usingejua umweke wapi. Alizaliwa Lydda katika familia ya Kikristo ya Kiorthodoksi, mji wake ukatekwa na wakazi wake kufukuzwa mwaka 1948, na mwaka 1967 akaanzisha PFLP, chama cha Wapalestina kilichokuwa na msimamo mkali kuliko Fatah ya Yasser Arafat. Hanan Ashrawi, aliyekuwa msemaji wa ujumbe wa Wapalestina kwenye mkutano wa Madrid mwaka 1991, ni Muanglikana. Oktoba 2023 shambulio la ndege za Israeli lilibomoa jengo katika eneo la kanisa la Mtakatifu Porfirio mjini Gaza, na waumini waliokimbilia humo wakafa. Wakristo wenzako hao, wa Gaza na wa Bethlehemu, huwasikii kijiweni kwa sababu wanaharibu hesabu. Na kule Israeli, vijana wa Kidruze, jamii ya Waarabu yenye dini yake, ambao si Wayahudi, wanaitwa jeshini kwa mujibu wa sheria kama Wayahudi.

Dini imo, sikatai. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi, Baruch Goldstein, aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa wakiswali katika Msikiti wa Ibrahim, Hebron, akaua 29. Hati ya mwaka 1988 ya Hamas, kundi la Kiislamu la Wapalestina lenye silaha, iliitangaza Palestina nzima kuwa wakfu wa Kiislamu usioruhusiwa kuachwa hata kipande. Ndani ya serikali ya sasa ya Israeli wamo mawaziri wanaosema kwa kujiamini kabisa kwamba Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina ambalo Israeli iliteka mwaka 1967, ni mali waliyopewa na Mungu. Watu wa namna hii wana nguvu kubwa ya kuzuia makubaliano. Ila mezani, wajumbe wanapokaa, wanachojadili ni ardhi, maji, mpaka na nani anamsimamisha nani barabarani.

Shikamoo. Tuliambiwa darasani kwamba Wayahudi nusura wapewe Kenya. Ni kweli au ni porojo? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Eldoret)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na nchi yenyewe ndiyo hiyo unayoikanyaga. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi wapewe eneo Uasin Gishu. Historia inauita mpango huo “wa Uganda” kwa kuwa eneo hilo lilikuwa limehamishwa kutoka Uganda mwaka mmoja tu kabla. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, aliupeleka kwenye kongamano lao mjini Basel, wajumbe kutoka Urusi wakatoka ukumbini kwa hasira. Wachunguzi watatu walitumwa kuja kuiona nchi, na mwaka 1905 kongamano likaukataa. Miaka mitatu baadaye Makaburu wakaletwa Uasin Gishu kutoka kusini mwa Afrika.

Ninachotaka ukiweke akilini ni kwamba Wanandi na Wamaasai hakuna aliyewauliza. Miaka 14 baada ya Chamberlain, dola ileile ikatoa Azimio la Balfour, ikaahidi makao ya Kiyahudi huko Palestina, ambako wakati huo karibu watu tisa kati ya kumi walikuwa Waarabu. Nao hawakuulizwa.

Mimi ni mwalimu wa historia Mombasa. Nusu ya wanafunzi wangu husema Wapalestina wamekataa amani kila walipopewa. Nusu nyingine husema Israeli haijawahi kutoa chochote. Niwafundishe lipi?

Mwalimu, wafundishe miaka, maana kila nusu imechagua miaka yake.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio 181 la kuigawa Palestina kwa kura 33 dhidi ya 13. Wayahudi walikuwa kama theluthi ya wakazi na walimiliki takriban asilimia 7 ya ardhi. Mpango uliwapa zaidi ya nusu ya nchi. Waarabu walikataa. Waulize wanafunzi wako kama wangekubali mgawo huo hapo Likoni. Vita vya 1948 vilipokwisha, zaidi ya Wapalestina 700,000 walikuwa wakimbizi, na hawakuruhusiwa kurudi.

Mwaka 1993 mambo yaligeuka. Arafat aliitambua Israeli, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, akaitambua PLO, mwavuli wa vyama vya Wapalestina ulioongozwa na Arafat, kuwa msemaji wa Wapalestina. Makubaliano hayo, ya Oslo, hayakuahidi dola. Yaliahidi miaka mitano ya mpito, yakaahirisha mambo yote mazito: Jerusalem, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kosa kubwa lilipofanyika. Muda wa kusubiri uliwapa nafasi wale wasioutaka mkataba. Hamas ikalipua mabasi. Goldstein akaua Hebron. Novemba 1995 Yigal Amir, Myahudi, akamuua Rabin akitoka kwenye mkutano wa amani Tel Aviv. Walowezi nao, waliokuwa kama 110,000 katika Ukingo wa Magharibi wakati mkataba unatiwa saini, wakaendelea kujenga.

Julai 2000 Bill Clinton aliwaita Arafat na Ehud Barak Camp David. Barak alikwenda mbali kuliko waziri mkuu yeyote wa Israeli kabla yake; Arafat aliondoka bila kusema ndiyo na bila kuweka mezani pendekezo lake. Lawama hiyo anastahili. Lakini wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wasiseme kwamba Januari 2001 mjini Taba pande hizo mbili zilikaa tena na kusogeleana kuliko wakati mwingine wowote, hadi Barak alipoangushwa na Ariel Sharon kwenye uchaguzi wa Februari.

Machi 2002 mataifa yote ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu yalikutana Beirut, yakaahidi uhusiano wa kawaida na Israeli ikiondoka katika maeneo iliyoyateka mwaka 1967. Israeli haikulijibu pendekezo hilo kwa uzito. Katika saa hizohizo za mkutano, mtu wa Hamas alijilipua kwenye hoteli mjini Netanya watu wakiwa kwenye karamu ya Pasaka, wakafa 30. Aliyechagua siku hiyo alijua anachokifanya.

Mwaka 2008 Ehud Olmert, waziri mkuu wa Israeli, alimwonyesha rais wa Wapalestina, Mahmoud Abbas, ramani: Israeli ichukue zaidi kidogo ya asilimia 6 ya Ukingo wa Magharibi na kulipa kwa ardhi nyingine. Hakumwachia nakala, Abbas akaichora mwenyewe kwenye karatasi. Upande wa Abbas ulikuwa tayari kubadilishana chini ya asilimia 2. Olmert alikuwa tayari ametangaza kuondoka madarakani kwa kesi za rushwa, na Abbas hakurudi na jibu.

Kwa hiyo wape wanafunzi swali hili: tofauti ya asilimia nne ya ardhi inawezaje kuwashinda watu waliokwisha kukubaliana mengine mengi? Jibu langu ni kwamba kila kiongozi aliyefika pale aliogopa watu wake kuliko alivyowaogopa maadui. Anwar Sadat, rais wa Misri aliyefanya amani na Israeli, aliuawa na Wamisri, Rabin na Muisraeli.

Nikisema 7 Oktoba ilikuwa unyama naitwa Mzayuni. Nikiwalilia watoto wa Gaza naitwa gaidi. Tunyamaze? (Mama, Arusha)

Usinyamaze, mama. Siku ile ya mwaka 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Waliouawa ni pamoja na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote katika nchi ile. Huko Gaza, kwa hesabu za wizara ya afya ya hapo, waliouawa wamepita 60,000, karibu nusu yao wanawake na watoto, na Agosti 2025 wataalamu wanaoungwa mkono na Umoja wa Mataifa walithibitisha njaa kali Jiji la Gaza na viunga vyake. Sheria za vita haziulizi nani alianza. Anayekutaka uchague maiti za kulilia, mwache abishane peke yake.

Hizi kesi za The Hague zina faida gani? Na yule jaji wetu ilikuwaje? (Msomaji, Kampala)

Mahakama ni mbili, na watu huzichanganya. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huhukumu mataifa. Huko ndiko Afrika Kusini iliishtaki Israeli Desemba 2023 kwa mauaji ya kimbari. Kesi bado inaendelea; kilichotoka Januari 2024 ni amri za dharura, na Julia Sebutinde wa Uganda ndiye jaji pekee aliyezipinga zote. Serikali ya Uganda ikajitenga naye haraka, kana kwamba jaji ni balozi. Mahakama ya Jinai huhukumu mtu mmojammoja: Novemba 2024 ilitoa hati za kuwakamata waziri mkuu wa Israeli Benjamin Netanyahu, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Yoav Gallant, na kamanda wa Hamas Mohammed Deif, ambaye baadaye ilithibitika amekufa.

Faida yake ni ndogo kwa aliye chini ya mabomu leo. Ila hati ya kukamatwa inambana kiongozi kila anapopanga safari.

Niko Muscat, nafanya kazi na Wapalestina. Hawaamini tena mpango wa mataifa mawili, Israeli na Palestina zikiishi jirani. Wewe bado unaamini?

Wenzako wana sababu. Leo walowezi katika Ukingo wa Magharibi ni kama nusu milioni, mbali na zaidi ya 200,000 wa Jerusalem Mashariki. Mwaka 2005 Israeli ilipowaondoa walowezi wapatao 8,000 Gaza, ilibidi itumie maelfu ya askari na polisi, na nchi nzima ikatikisika. Agosti 2025 ujenzi wa eneo la E1, karibu na Jerusalem, uliidhinishwa, eneo ambalo likijazwa nyumba litaukata Ukingo wa Magharibi karibu vipande viwili. Julai 2024 bunge la Israeli lilipiga kura kupinga dola ya Palestina, 68 kwa 9.

Wanaotaka nchi moja yenye haki sawa wananivutia kwa maneno, ila sijasikia wakinieleza Wayahudi wapatao milioni saba na Wapalestina karibu idadi hiyohiyo watakubali vipi jeshi moja na polisi mmoja baada ya yote haya. Kilichopo sasa, kwa kweli, ni nchi moja isiyo na haki sawa. Kwa hiyo ndiyo, bado naamini mataifa mawili, bila furaha, kwa kuwa ndiyo njia pekee ambayo ramani yake ilishachorwa na wahusika wenyewe. Septemba 2025 Uingereza, Ufaransa, Kanada na Australia ziliitambua Palestina. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1988, na ilishaipa PLO ofisi Dar es Salaam tangu 1973. Wakubwa wamechelewa, na kutambua pekee hakumwondoi mlowezi hata mmoja.

Huu usitishaji vita utadumu? (Msomaji, Bukavu)

Wewe wa Bukavu unajua mikataba inavyosainiwa huku risasi zikilia. Mateka 20 waliokuwa hai walirudi Oktoba 2025, na Wapalestina karibu 2,000 wakatoka magerezani. Novemba 17 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2803 kuunga mkono mpango wa Donald Trump, Urusi na China zikijizuia kupiga kura. Mpango unataka Hamas iweke silaha chini na jeshi la kimataifa liingie. Dola ya Palestina imetajwa kwa masharti mengi na bila tarehe. Mabomu hayakukoma kabisa hata baada ya saini.

Mimi ningetazama mambo mawili. La kwanza ni uchaguzi wa Israeli, ambao kwa sheria unatakiwa kufanyika kabla ya Oktoba 2026 kwisha. La pili ni kama Wapalestina nao watapiga kura. Mara ya mwisho walimchagua rais Januari 2005 na bunge Januari 2006, kwa hiyo Mpalestina wa miaka 35 hajawahi kuchagua rais wala mbunge. Abbas ametimiza miaka 90. Marwan Barghouti, kiongozi wa Fatah ambaye kura za maoni kwa miaka mingi zimeonyesha angemshinda, yuko gerezani Israeli tangu 2002, na jina lake halikuwemo kwenye orodha ya walioachiwa Oktoba.