Vita Vilisimama 1953, Yeye Akatoka Jela 1995

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Babu yangu alipigana vita vya Kagera na huwa anasimulia kwamba wale Walibya waliokamatwa kule Uganda walishikiliwa kwa muda kisha wakarudishwa kwao, maana anasema askari aliyetekwa si mwizi, alitumwa. Sasa juzi nimesoma mahali kwamba kuna askari wa Korea Kaskazini alikamatwa vitani akakaa jela Korea Kusini miaka arobaini na kitu. Hii imekaaje? Si kuna sheria ya mateka wa vita? Vita vilipoisha kwa nini hakurudishwa? (Msomaji wa Bukoba)

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu mfikishie salamu zangu, hilo alilosema ndilo sheria yenyewe. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unasema mapigano yakikoma mateka waachiwe na warudishwe kwao bila kucheleweshwa. Hausubiri amani isainiwe, hausubiri viongozi wapatane, mapigano yakikoma basi.

Huyo uliyemsoma ni Kim Sun-myung. Alikamatwa Oktoba 1951 akiwa askari upande wa Kaskazini, akiwa na miaka ishirini na sita hivi, na akatoka tarehe 15 Agosti 1995 akiwa na miaka sabini. Hesabu mwenyewe, miaka 43 na miezi kumi, na sehemu kubwa ya hiyo alikuwa selo ya peke yake. Mapigano ya Vita vya Korea yalisimamishwa pale Panmunjom, kijiji cha mpakani, tarehe 27 Julai 1953 na baada ya hapo mateka wakabadilishana kweli, zaidi ya elfu 75 walipelekwa Kaskazini na elfu 12 na ushee wakarudi upande wa Kusini na washirika wake, yaani malori yalipita mpakani wiki nzima nzima yamejaa watu wanaenda makwao na yeye yuko ndani palepale.

Sababu ni kwamba walimbadilishia jina la kosa. Askari aliyekamatwa na magwanda yake mstari wa mbele alipelekwa kambi ya mateka, huyo akahesabika. Lakini mpelelezi wa jeshi, mpiganaji wa msituni, au mtu aliyezaliwa Kusini akajiunga na jeshi la Kaskazini kama huyu Kim, hao walipelekwa mahakamani wakasomewa ujasusi na uasi. Ukishahukumiwa hivyo wewe si mateka tena, wewe ni mfungwa kama wafungwa wengine na mabadilishano hayakuhusu. Na katiba ya Korea Kusini iliwapa njia rahisi, inasema nchi yao ni rasi yote ya Korea, Kaskazini ikiwemo, kwa hiyo jeshi la Kaskazini kwenye macho ya sheria zao si jeshi la nchi nyingine, ni kundi la waasi walioshika sehemu ya nchi. Geneva ukiisoma haisemi mateka hawezi kushtakiwa, inaruhusu, aliyefanya kosa la jinai anaweza kubakizwa amalize kifungo. Sasa ukimpa kifungo cha maisha kwa kosa ambalo ukilichunguza sana ni kwamba alipigana upande wa pili, hapo umeukwepa mkataba wote huku unasema unaufuata. Mimi hili linaniuma kuliko hata hiyo miaka, maana miaka ilitokana na hilo.

SWALI: Kaka, nimewasikia watu wakiwasifu hawa wazee wa Korea kwa msimamo. Mimi kama mama sielewi. Nasikia walikuwa wanaambiwa saini karatasi kwamba umeacha ukomunisti, utoke. Si usaini ukalee wanao, moyoni ubaki na yako? Hata dini inasema aliyelazimishwa hana lawama. Huo si ukaidi tu? (Dada, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote niliyopata wiki hii na sitaki kulijibu juujuu. Kwanza niseme wengi walisaini, na mimi siwezi kumnyooshea kidole hata mmoja. Aliyelazimishwa hana lawama, uko sahihi kabisa.

Ila tuiangalie hiyo karatasi na ilivyokuwa inaletwa. Mfumo wa kuwabadilisha wafungwa mawazo Wakorea waliurithi kwa Wajapani waliowatawala hadi 1945, Wajapani ndio waliokuwa wanawafanyia hivyo wapinzani wao, kisha serikali ya Kusini ikauendeleza. Kuanzia 1973, utawala wa Rais Park Chung-hee wa Kusini, ikawa kampeni rasmi magerezani, Daejeon, Gwangju, Jeonju, Daegu. Serikali iliwatumia wafungwa wa jinai, wale majambazi wababe, unajua manyapara wa jela wanavyokuwa, wakafunguliwa milango ya selo za hawa wazee wawapige mpaka waseme ndiyo. Walionusurika walisimulia kumwagiwa maji wakati wa baridi, na baridi ya kule inagandisha maji kwenye ndoo, kunyimwa dawa, kunyimwa barua. Selo zenyewe zilikuwa na eneo la mita za mraba mbili na nusu hivi. Chukua kitanda cha futi tano kwa sita ulichonacho nyumbani, kina karibu mita tatu, yaani kitanda chako ni kikubwa kuliko chumba alichoishi mtu mzima miaka na miaka, humo humo anakula, humo humo anajisaidia, humo humo anazeeka. Na kipigo kikishindwa analetwa mama, analetwa dada, anawekwa mbele yake alie amwombe asaini. Fikiria wewe ndiye huyo mama uliyeletwa.

Wapo waliokufa. Mwaka 2004 tume ya rais wa Korea Kusini iliyokuwa inachunguza vifo vyenye utata iliwataja wafungwa watatu waliokufa miaka ya 70 kwa kulazimishwa kubadilika, ikasema kukataa kwao kulichangia demokrasia ya nchi. Nchi nzima ikagawanyika, watu wakauliza wakomunisti wa Kaskazini wamechangiaje demokrasia yetu, na kelele zilikuwa kubwa. Lakini mimi hoja ya tume naielewa. Dola yenye jela, bunduki na mahakama ilikuwa inadai kitu kimoja zaidi kutoka kwa mzee aliyefungiwa, ikubaliwe moyoni. Akikataa, anailinda hata haki yako wewe usiyekubaliana na ukomunisti wake hata nukta.

Halafu dada, hiyo "saini utoke" haikuwa kweli kwa wote. Aliyesaini alitakiwa mara nyingi asimame hadharani aulaani upande wake, na akitoka polisi wanamfuatilia, anaripoti anakwenda wapi na anakutana na nani. Na asiyesaini hata kifungo kikiisha hakutoka! Mwaka 1975 ilitungwa sheria iliyoruhusu mtu aliyemaliza kifungo chake chote abakizwe ndani miaka miwili kwa sababu hajabadilika, ikiisha wanaongeza miwili mingine, na wengine waliokuwa wameshatoka wakakamatwa tena wakarudishwa. Hapo hakuna kosa jipya, hakuna hakimu, kuna mawazo tu. Hiyo sheria ilikaa mpaka 1989.

Wengine waliosaini kwa mateso walikuja kutangaza hadharani uzeeni kwamba saini zile hawazitambui, walizitoa kwa kipigo. Kwa hiyo moyoni kubaki na yako kumbe si rahisi hivyo, mtu alibeba aibu ya ile karatasi miaka thelathini. Kiapo cha kubadili itikadi kilifutwa 1998 alipoingia Rais Kim Dae-jung, ambaye mwenyewe aliwahi kuhukumiwa kifo na utawala wa kijeshi mwaka 1980, lakini badala yake wakaweka kiapo cha kutii sheria, ambacho wengi waliona ni kilekile kimevalishwa nguo nyingine. Julai 2003 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaamua kwenye kesi ya mfungwa mmoja kwamba huko kulazimisha kulivunja uhuru wa mawazo na wa kujieleza, na mwaka huohuo hata hicho kiapo kikafutwa.

Kim Sun-myung alipotoka alimkuta mama yake hai bado, bibi wa miaka zaidi ya tisini, wakaonana. Hakusaini mpaka mwisho. Ukimwita mkaidi sitagombana na wewe, ila waliomfungia ndio waliokuwa na ufunguo miaka yote hiyo.

SWALI: Mzee mbona unaisema Kusini tu? Kaskazini nao si walishika watu? Ama hao hawahesabiki kwa sababu hawana magazeti? (Nairobi)

JIBU: Wanahesabika tena sana, na umenishika pazuri. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti 2014 ilikadiria askari wa Kusini wasiopungua elfu 50 hivi hawakurudishwa baada ya vita. Kaskazini haikuwapeleka mahakamani, ilisema tu haina mateka, waliobaki wamebaki kwa hiari yao. Wengi walipelekwa kwenye migodi ya makaa ya mawe kaskazini mashariki karibu na mpaka wa China, wakaozeshwa huko, na ile doa ya kuwa askari wa adui ikarithiwa na watoto, mtoto anazaliwa mgodini naye anaingia mgodini, shule nzuri hapati, jeshi hapati, kazi ya maana hapati.

Wa kwanza kutoroka na kufika kwao alikuwa Cho Chang-ho, luteni aliyetekwa 1951. Alivuka kupitia China akafika Kusini Oktoba 1994, miaka 43 baadaye, mapafu yameharibika kwa vumbi la mgodi, na akiwa kitanda cha hospitali akampigia saluti waziri wa ulinzi akataja cheo chake na namba yake ya jeshi akaripoti kwamba amerudi. Jina lake kwao lilikuwa kwenye orodha ya waliokufa vitani. Baada yake wametoroka kama themanini tu. Julai 2020 mahakama ya Seoul iliamuru Kim Jong-un awalipe wawili kati yao won milioni 21 kila mmoja, na kuzipata hizo hela ni kesi nyingine.

Kwa hiyo Septemba 2000 Seoul ilipowarudisha Kaskazini wazee 63 waliogoma kubadilika, Kim Sun-myung akiwemo, wakapokelewa Pyongyang kama mashujaa kwa maua na kelele, familia za mateka wa Kusini ziliandamana zikiuliza na wetu je? Hakurudishwa hata mmoja. Mimi naona kuwaachia wale 63 kulikuwa sahihi na hasira ya zile familia ilikuwa sahihi vilevile, na anayetumia maumivu ya upande mmoja kufuta ya mwingine, awe wa Kusini au wa Kaskazini, hawatendei haki hao wazee wote.

SWALI: Bado wapo walio hai? (Msomaji wa Tabora)

JIBU: Wapo wachache. An Hak-sop alikamatwa 1953 akatoka siku moja na Kim Sun-myung, miaka 42 ndani. Mwaka 2000 aligoma kwenda Kaskazini na wenzake, akasema anabaki kupinga majeshi ya Marekani yaliyoko Kusini. Agosti 2025 akiwa na miaka 95 na mgonjwa alibadili uamuzi, akatembea na watu waliomsindikiza mpaka daraja la Paju kwenye njia ya mpakani akitaka avuke akafie huko, na askari wakamzuia, maana ruhusa hana na sheria ya kwenda bila ruhusa ipo. Serikali ya Seoul ikasema inaangalia njia za kibinadamu. Mimi ukiniuliza ningemruhusu siku ileile, bila karatasi yoyote ya kusaini.