Yule mtu juu ya sanamu ni nani?

SWALI: Shikamoo Babu. Kwenye kitabu cha dada yangu kuna picha ya zamani sana ya hekalu la Abu Simbel, Misri. Mchanga umefukia sanamu, na juu ya taji la mojawapo ameketi mtu mdogo kama sisimizi. Ni nani? Na hekalu bado liko hivyo?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Huyo ni Haji Ismail, Mnubi, baharia wa mashua iliyompeleka mpigapicha Mfaransa Maxime Du Camp kwenye Mto Nile. Picha ni ya mwaka 1850.

Aliwekwa pale makusudi, awe kipimo. Bila mtu, utajuaje kama sanamu ina mita 2 au 20? Zile zina kama 20.

Kazi ilikuwa kumtuliza. Karatasi iliyopakwa dawa ya fedha ilichelewa kushika mwanga, kwa hiyo lenzi iliachwa wazi dakika kama mbili. Ukijikuna tu, sura yako imefutika. Basi Du Camp akamwambia kwamba lile bomba la shaba la lenzi ni mzinga, utamfyatukia akitikisika. Du Camp mwenyewe ndiye aliyeyasimulia hayo. Mimi nimepiga watu picha studio tangu ujana wangu, na habari hiyo inaniuma. Mtu hutulizwa kwa maneno mazuri, hatishwi. Haji Ismail alipanda magofu mengi juani, na kitabu kilichotoka mwaka 1852, chenye picha 125, kikampa sifa Du Camp.

Hata hivyo picha zenyewe nazithamini mno. Kule Armant, karibu na Luxor, palikuwa na hekalu dogo la enzi za Cleopatra. Du Camp alilipiga picha. Miaka ya 1860 likabomolewa, mawe yakajengea kiwanda cha sukari! Anayetaka kujua lilivyokuwa hana budi kutazama picha za wapigapicha wale wa mwanzo.

Abu Simbel iliponea chupuchupu. Bwawa la Aswan lingeizamisha, kwa hiyo kati ya 1964 na 1968 ilikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu ya mahali pake. Mahali unapopaona kitabuni pamefunikwa na maji ya Ziwa Nasser. Ukijaliwa kufika, utalikuta hekalu huko juu, halina mchanga tena, na sanamu zinaonekana mpaka nyayo.