Uliza Anko: Anime inaingiza matrilioni, mchoraji anadaiwa kodi ya chumba

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba wachoraji wengi wa anime, zile katuni za Kijapani, wanalipwa kwa kipande, mchoro mmoja hela yake, basi boksi la maswali limejaa hilo hilo. Nimechagua matano, yanayofanana nimeyaunganisha, na waliotukana nimewasamehe.

Shikamoo anko. Kila siku tunaambiwa anime ni biashara ya mabilioni, sasa mbona wachoraji wenyewe wanalia njaa? Hela anakula nani? (Fundi Penseli)

Marahaba mwanangu. Hela ipo, tena nyingi, hilo tusidanganyane. Chama cha watengenezaji wa anime kule, AJA, kilihesabu soko la mwaka 2023 kikapata yeni trilioni 3.3 na ushee, rekodi, na sehemu inayotoka nje ya Japani ilikuwa kubwa kuliko ya ndani. Ila hiyo trilioni usidhani ni ya kuchora, humo ndani kuna haki za kuonyesha, tiketi za sinema, midoli, muziki, mashine za kamari za pachinko, yaani chochote chenye sura ya mhusika.

Sasa angalia anayeshika mfuko. Anime nyingi za TV zinagharamiwa na kamati, mchapishaji wa manga, yaani vitabu vya katuni, anachanga, kituo cha TV kinachanga, kampuni ya muziki, watu wa midoli, wakala wa matangazo, kila mtu na asilimia yake, na faida ikija inagawanywa kwa asilimia hizo hizo. Studio inayochora mara nyingi haimo kwenye huo mchango au imo kiduchu, yenyewe inapewa kandarasi, hela hii hapa, tuletee vipindi 12. Katuni ikilipuka dunia nzima studio ilishalipwa yake na imeshahamia kazi nyingine. Ikibuma, wanakamati wanagawana hasara, na ndo faida ya huo utaratibu kwao, katuni nyingi zinabuma kweli kwa hiyo sioni ubaya mtu kujikinga, ubaya ni kwamba anayekesha ndo hayumo kwenye mgao.

Na studio nayo haichori yote peke yake. Inamega vipindi inapeleka studio ndogo, studio ndogo inatafuta vibarua, nyingine zinavuka bahari mpaka Korea Kusini, China na Ufilipino, na kila mkono unaopita unabaki na chake.

Ukifika chini kabisa unamkuta mtu wa douga, yule anayechora michoro ya katikati. Anapokea bahasha ya shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kabla haijabadilika kwenda nyingine, ndani kuna michoro ya msanii mkuu, tuseme msichana anageuka nyuma, wa kwanza anaangalia mbele na wa mwisho anaangalia nyuma. Anaichomeka kwenye vijiti vya meza ya taa ili isisogee, anaweka karatasi nyeupe juu, halafu anachora kila hatua iliyopo katikati, nywele, sikio, kola ya shati, huku anapekua karatasi kwa vidole aone kama mwendo unaenda au unaruka. Siku hizi wengi wako kwenye kompyuta ila kazi ni ile ile. Kwa mchoro mmoja bei iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kama yeni 200. Mdomo unaofunguka ni 200, na farasi mwenye mavazi ya vita naye mara nyingi yuko hapo hapo au juu kidogo tu. Piga hesabu mwenyewe, ukitoa michoro 500 kwa mwezi, na hiyo ni kazi ya mtu mwepesi wa mkono, unapata yeni 100,000, na hapo uko Tokyo hujalipa chumba.

Hayo si maneno ya vijiweni. Chama cha wasanii wa anime, JAniCA, kilifanya uchunguzi kikakuta mapato ya mwaka 2013 ya watu wa douga ni wastani wa yeni milioni 1.1 kwa mwaka mzima. Ukiweka kada zote pamoja, waongozaji, wasanifu wa wahusika na wengine, wastani ulikuwa milioni 3.3, na uchunguzi wao uliofuata, wa 2019, ulionyesha umepanda mpaka milioni 4.4, kwa hiyo anayekwambia wote ni maskini naye anatia chumvi. Juu kuna watu wanaishi vizuri tu. Shida iko mlangoni, kijana anaingia na kipaji halafu anaondoka kabla hajafika huko juu, kwa sababu hakuna anayemlisha wakati anajifunza.

Kuna wanaomtupia lawama zote marehemu Osamu Tezuka, mchoraji maarufu wa manga, kwamba mwaka 1963 aliuza katuni yake ya Astro Boy kwa kituo cha TV kwa bei ya chini kuliko gharama ya kuitengeneza akitegemea hela ya bidhaa, na bei ikabaki imekaa chini. Ni kweli aliuza kwa hasara, na studio yake ikafilisika 1973. Lakini jamani, mzee kafariki 1989! Hao waliokuja baadaye nani aliwakataza kupandisha bei?

Anko mi naona hao watu wanajitakia. Si wagome? Si waache kazi wakauze duka? (Mkweli Daima)

Kuacha wanaacha ndugu yangu, wengi tu. Kugoma ndo pagumu, maana mgomo unataka mwajiri, na wengi wa hawa hawana mwajiri kisheria, ni watu wa kujitegemea wanaochukua kazi huku na kule. Japani ina sheria inayobana saa za ziada, kawaida 45 kwa mwezi, na kima cha chini cha mshahara kipo, lakini vyote viwili vinamlinda mwajiriwa. Anayelipwa kwa kipande akikesha siku tatu hiyo ni shida yake na usingizi wake. Chama kingine, NAFCA, kilichoanzishwa 2023, kiliuliza watu wa kazi hii kikakuta wanafanya wastani wa saa 219 kwa mwezi, na ukiwapanga wote kwa malipo, aliyeangukia katikati alikuwa anapata yeni 1,111 kwa saa, wakati huo kima cha chini cha Tokyo kilikuwa 1,113. Yaani nusu yao ungewapeleka kusimama kaunta ya duka wangepata sawa au zaidi, na wangelala.

Halafu usidhani hawajawahi kuchachamaa. Miaka ya 60 pale studio ya Toei kulikuwa na chama cha wafanyakazi chenye meno, na katibu wake mkuu alikuwa kijana mmoja anaitwa Hayao Miyazaki, ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu wa sinema za anime. Isao Takahata, mwongozaji mwenzake, naye alikuwa kwenye uongozi wa chama hicho. Watu waliajiriwa na walikuwa na pa kukutana wakajadili mishahara. Baadaye studio zikaona kumlipa mtu kwa mchoro ni rahisi kuliko kumlipa kwa mwezi, watu wakatawanyika, leo wachoraji wa katuni moja wanaweza kumaliza msimu mzima hawajawahi kukaa chumba kimoja. Sasa hapo utagoma na nani?

Kilichosogea kidogo ni sheria ya watu wa kujitegemea iliyoanza Novemba 2024, anayekupa kazi lazima akuandikie masharti na bei, na akulipe ndani ya siku 60. Inaonekana ndogo eeh? Lakini kuna watu walikuwa wanachora bila kujua bei mpaka kazi iishe. Na Mei mwaka huo huo jopo la Umoja wa Mataifa la biashara na haki za binadamu lilitoa ripoti yake kuhusu Japani, anime ikatajwa waziwazi kwa malipo duni na saa nyingi. Mimi nadhani hiyo imewauma zaidi ya sheria, kule watu hawapendi kusemwa na wageni.

Ni kweli kuna waliokufa kwa sababu ya kazi hii? (Bila jina)

Ndiyo. Kesi inayojulikana zaidi ni ya kijana aliyejiua mwaka 2010 baada ya kufanya kazi kwenye studio moja ya Tokyo, na mwaka 2014 ofisi ya serikali ya usimamizi wa kazi ikatambua kwamba msongo ulitokana na kazi, alikuwa anavuka saa 100 za ziada kwa mwezi. Na hakuwa mchoraji, alikuwa mratibu. Hawa waratibu watu huwasahau kabisa, ndo wanaozunguka na gari usiku nyumba hadi nyumba kukusanya bahasha za michoro, anagonga mlango saa nane mchoraji hajamaliza, anamsubiri, halafu saa tatu asubuhi yuko ofisini anaulizwa mbona kipindi kimechelewa. Mratibu ana mshahara kwa kawaida, si wa kipande, ila saa zake hazina mwisho.

Ule moto wa studio ya Kyoto Animation wa Julai 2019 uliua watu 36, lakini hilo ni tukio la mtu aliyechoma jengo makusudi, tusichanganye. Nalitaja kwa sababu inauma zaidi ukijua ile ndo studio iliyokuwa inatajwa kama mfano mzuri, inaajiri wachoraji wake kwa mshahara na ina shule yake ya kuwafundisha.

Salaam ndugu mwandishi. Binti yangu ana miaka 19, anachora mchana na usiku, anataka kwenda Japani kuwa mchoraji wa anime. Baba yake hataki kusikia. Mimi nimekaa katikati. Nimwambie nini? (Mama Mchoraji)

Salaam mama, pole na hiyo katikati. Simuungi mkono baba moja kwa moja na wala sisemi binti apande ndege kesho.

Kuna jambo moja linaweza kumsaidia baba apumue. Viza ya kazi kule haitolewi kwa mtu wa kuchora kwa kipande nyumbani kwake, inataka mkataba na kampuni, mshahara usiopungua ule ambao Mjapani angelipwa kwa kazi hiyo, na kwa kawaida shahada au cheti cha chuo cha ufundi cha Japani. Kwa hiyo ile ngazi ya chini kabisa niliyoieleza juu huko, mgeni anayetokea moja kwa moja nje hawezi kuingia kirahisi hata akitaka. Akipata viza ya kazi maana yake kuna studio imekubali kumwajiri, na hapo mwulizeni maswali ya kuchosha, mshahara ni wa mwezi au wa kipande, bima ipo, saa za ziada zinalipwa, mkataba ni wa muda gani. Studio ikianza kujibu kwa hadithi za ndoto na kujitoa, mama, hapo hapana.

Akienda kama mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kibarua mwisho saa 28 kwa wiki, na lazima aombe kibali. Ada kubwa, Tokyo ghali, tena wilaya zenye studio nyingi ni Suginami na Nerima, si vijijini. Kuna shirika moja lisilo la faida limekuwa likiwapangishia wachoraji chipukizi vyumba vya bei nafuu kwa michango ya mashabiki, yaani hali ni ya kiasi hicho, mtu ana kazi na bado anafadhiliwa pa kulala.

Ila ipo njia ya tatu ambayo baba pengine haijui. Siku hizi studio za Japani zinatafuta wachoraji wa genga, ile michoro mikuu, mtandaoni, zinaona video za mtu kule mtandao wa X zinamtumia ujumbe, anachora akiwa kwao. Genga inalipwa kwa shoti, kwenye TV kama yeni 4,000 hadi 5,000 moja, si utajiri, na dedilaini zao ni za kutisha, unaweza kupewa Jumatatu kazi ya kesho yake. Ila binti atakuwa anakula kwenu. Ajifunze anatomia, ajifunze Kijapani cha kusomea maelekezo, na awe na kazi nyingine mkononi. Akishafanya misimu miwili hivi bado anataka kwenda, mtakuwa mnaongea na mtu anayeijua kazi.

Anko, mi huwa naangalia kwenye saiti za wizi. Nikianza kulipia, mchoraji anapata kitu? (Najuta Kidogo)

Jibu la kweli utalichukia, anapata kidogo sana au hapati kabisa. Hela yako inaenda kwa jukwaa, jukwaa linalipa haki kwa kamati, kamati inagawana, studio inapata kama ina hisa humo, na mchoraji wa kipande alilipwa siku alipokabidhi mchoro, hana gawio la marudio. Bado nakushauri ulipe, kwa sababu studio nazo zimeanza kutia mtaji wao, studio ya MAPPA waligharamia katuni ya Chainsaw Man wenyewe asilimia 100 mwaka 2022, na anayemiliki haki ndo ana uwezo wa kupandisha mishahara. Kama atapandisha ni habari nyingine, mwaka uliofuata wachoraji waliofanya kazi za studio hiyo hiyo walilalamika hadharani mtandaoni kuhusu ratiba.

Ukitaka hela imfikie mtu mwenyewe, tafuta jina lake pale mwisho majina yanapopita, yale tunayoyaruka. Wengi wana kurasa zao, wanauza vitabu vidogo vya michoro yao, wengine wanaviuza Comiket, lile soko la vitabu vya wachoraji wa kujitegemea pale Tokyo, na kuna wanaotuma nje ya nchi. Ukinunua kwake, kinachokatwa ni ada ya mtandao na posta tu.