Maswali yenu kuhusu kiashiria cha jumla

Kwa nini kiashiria hiki kina rangi nyingi, ilhali litimasi ina mbili tu?

Kwa sababu ndani ya chupa mna viashiria kadhaa vilivyochanganywa, yaani vitu vinavyobadili rangi kulingana na asidi au alkali, na kila kimoja kina mahali pake pa kugeuka. Methili nyekundu huacha wekundu na kuwa njano kati ya pH 4.4 na 6.2 (pH ni kipimo: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali). Buluu ya bromothaimoli hupokea zamu: njano kwenda buluu, kati ya 6.0 na 7.6. Kwa hiyo kijani cha pH 7 ni bromothaimoli ikiwa katikati ya safari, njano na buluu kwa pamoja. Kwenye alkali kali, fenofthalini huongeza waridi juu ya buluu, nawe unaona zambarau.

Nyekundu ikikolea, ina maana asidi ni nyingi?

Hapa ndipo wengi hupotea, na ningependa tuelewane vizuri. Rangi inaonyesha wingi wa ayoni za haidrojeni (chembe zake zenye chaji) zilizo huru kwenye maji, basi. Chukua asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita): pH yake ni 1, nyekundu kabisa. Asidi ya ethanoiki (ile ya siki) ya 0.1 M ina pH karibu 2.9, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya molekuli zake huachia haidrojeni. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, hivyo ayoni huru zinapishana takriban mara 80. Lakini ondoa asidi yote katika ujazo sawa wa kila moja kwa kutia sodiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali: zote mbili zitakula kiasi kilekile! Usipime wingi wa asidi kwa rangi.

Maji yangu yaliyokenekwa yanatoa njano. Yamechafuka?

La. Yamefyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, ikafanya asidi dhaifu. pH hushuka hadi karibu 5.6. Tia matone ya kiashiria kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa yakiwa yamefunikwa, rangi itasogea kwenye kijani. Kisha puliza pumzi yako humo kwa mrija, taratibu, bila kuvuta. Kijani kinafifia, njano inaingia mbele ya macho yako.

Naweza kukitumia kwenye titresheni?

Hapana. Rangi zake hupishana polepole, na titresheni, yaani kupima wingi wa asidi kwa kuitilia alkali kidogo kidogo hadi iishe, inadai badiliko la ghafla. Tumia fenofthalini, au methili ya chungwa kama alkali yako ni dhaifu.