Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Mwana-anga wa Lancaster

Barua za mwezi huu zimetoka Leicester, Mombasa, Dar es Salaam na Hamilton kule Kanada, na zote zinauliza namna ya kutunza kumbukumbu za vikosi vya ndege za mabomu vya Vita Kuu ya Pili. Kwa asiyeijua habari yenyewe: Bomber Command ilikuwa kamandi ya ndege za mabomu ya RAF, jeshi la anga la Uingereza. Wana-anga wapatao 125,000 waliruka chini yake, na 55,573 walikufa. Aliyekuwa na miaka 19 mwaka 1944 alizaliwa 1925. Walio hai leo ni wachache mno, na kazi imewaangukia watoto, wajukuu na wakwe.

Baba mkwe wangu amefariki. Alikuwa mpiga bunduki wa nyuma katika ndege ya mabomu ya Lancaster. Ameacha sanduku lenye daftari la safari zake, medali nne, beji ya bawa moja, picha, barua na dira ya ndege. Mume wangu na ndugu zake watatu wanataka kugawana, na mimi nimepewa kazi ya kuvisafisha vitu. Nianzie wapi? (Msomaji, Leicester)

Pole kwa msiba, dada. Usianze kwa kusafisha. Brasso, mafuta ya nazi, kitambaa chenye maji, vyote viweke kando. Medali iliyosuguliwa hupoteza makali ya maandishi yake na haiwezi kurudishwa.

Tandika shuka jeupe mezani. Toa kitu kimoja kimoja kwa mpangilio uliovikuta nao, kipige picha pamoja na rula, kisha kipe namba. Andika pia kilikuwa karibu na nini. Picha isiyo na maelezo iliyokutwa katikati ya kurasa za Machi 1944 huenda ni ya mwezi huo. Ukishaitoa bila kuandika, fununu hiyo imepotea. Namba iandikwe kwa penseli laini ya 2B kwenye kikaratasi kinachokaa na kitu. Kwa picha, andika nyuma, pembeni kabisa, picha ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino usiitumie kabisa: baada ya miaka hupenya na kutokea usoni mwa mtu pichani.

Sasa kugawana. Hapa ndipo familia nyingi huharibu bila kujua. Nyota ya 1939–45, Air Crew Europe Star, Defence Medal na War Medal walipewa Waingereza bila jina kuchongwa. Ziko vilevile kwa maelfu ya watu. Kinachoifanya nyota hiyo ya shaba yenye ncha sita kuwa ya baba mkwe wako ni daftari, barua na kisanduku vilivyokaa nayo. Mmoja akichukua medali, mwingine daftari, wa tatu picha, baada ya kizazi kimoja medali itakuwa kipande cha shaba tu, tena chenye kushukiwa, maana Air Crew Europe Star hughushiwa sana kwa sababu ya bei yake. Tofauti ni DFM, nishani ya ushujaa angani, ambayo ina jina ukingoni. DFC, nishani nyingine ya ushujaa angani, ina mwaka tu mgongoni.

Shauri letu: gawaneni nakala, vitu asili vibaki pamoja. Mmoja awe mtunzaji, waandike makubaliano, wote wanne watie sahihi, na watamke nani atafuata akifa huyo. Kama hakuna aliye tayari, kituo cha International Bomber Command Centre kule Lincoln kina hifadhi ya kidijitali inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Lincoln. Waandikieni kwanza na orodha yenu yenye namba, msipeleke sanduku mlangoni.

Kuhusu dira, tafadhali soma polepole. Dira na saa nyingi za ndege za wakati ule zilipakwa rangi ya radiamu ili zionekane gizani. Rangi hiyo haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechakaa, lakini radiamu yenyewe ipo: hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia kinywani au mapafuni. Usiifungue, usikwangue, usiitikise. Kama kioo kimepasuka, itie ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, nawa mikono, na uulize mamlaka ya usalama wa mionzi. Kama ni nzima, isikae chumba cha kulala wala kabati lisilopitisha hewa, kwa kuwa hutoa gesi ya radoni. Watoto wasiichezee.

Daftari lisitiwe laminesheni wala selotepu. Usilikandamize likalala wazi kabisa kwenye skana; utavunja uti wake. Lifungue nusu, weka taulo zilizokunjwa chini ya kila jalada, na upige picha kutoka juu, taa mbili zikiwa pembeni kwa nyuzi 45. Kwa karatasi moja moja na picha, skana ya kawaida inafaa: 400 dpi kwa maandishi, 600 au zaidi kwa picha ndogo, rangi kamili hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, faili la TIFF. Piga kurasa zote, pamoja na zilizo tupu na jalada la ndani nyuma, kwa maana hapo ndipo wengi waliorodhesha majina ya wenzao. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Mifuko ya kuhifadhia iwe ya poliesta. Ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni ni PVC, itakula karatasi.

Nimelifungua hilo daftari. Kuna mistari ya wino mwekundu, mingine kijani, na vifupisho nisivyovielewa. Nitajuaje alikwenda wapi? (Msomaji huyohuyo)

Katika Bomber Command mazoea yalikuwa hivi: wino mwekundu kwa shambulio la usiku, kijani kwa shambulio la mchana, na rangi ya kawaida kwa mazoezi. Safu zinakwenda tarehe, saa ya kuruka, aina na namba ya ndege, rubani, kazi ya mwenye daftari, maelezo, kisha saa za mchana na za usiku. "Ops" ni shambulio. "DNCO" maana yake kazi haikukamilika. "Gardening" si bustani, ni kutega mabomu baharini. "Nickel" ni kudondosha vipeperushi. Awamu ya kwanza ya utumishi wa mwana-anga kwa kawaida ilikuwa mashambulio 30, ndiyo maana mara nyingi utaona namba ndogo 1, 2, 3 pembeni ya mistari.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni herufi ya ndege. Familia husema "babu aliruka na Q", lakini ndege ya Q ikitunguliwa, nyingine ilipewa herufi hiyohiyo wiki ileile. Fuata namba ya usajili. Lancaster R5868 iliyoko jumba la makumbusho la RAF, Hendon, London, ilikuwa Q katika kikosi cha 83 na baadaye S katika kikosi cha 467. Herufi ilibadilika, namba ikabaki.

La pili ni tarehe. Ndege iliruka jioni ya tarehe 16 na kuanguka alfajiri ya 17. Daftari litasema 16, kaburi litasema 17. Zote mbili ni sahihi.

La tatu ni saa. Kiangazi cha vita Uingereza ilisogeza saa mbili mbele ya Greenwich. Nanyi mkitafsiri kwa Kiswahili, acheni 21.35 ibaki 21.35. Mtu akiandika "saa tatu na nusu hivi" bila kutaja usiku, na mwingine akairudisha kwa Kiingereza kama 3.30, shambulio zima limehamia alfajiri.

Kisha linganisha na kumbukumbu za kikosi chenyewe. Ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, mfululizo wa AIR 27. Fomu 540 inaeleza siku ya kikosi kwa jumla. Fomu 541 inataja kila ndege, wafanyakazi wake, saa ya kuruka na ya kutua, na walichoripoti. Kabla ya kupakua, angalia kwenye tovuti yao kama kuna malipo; ukifika Kew mwenyewe, kuzisoma kwenye kompyuta zao ni bure. Majina humo hukosewa tahajia, basi tafuta kwa tarehe na namba ya ndege kabla ya kutafuta jina. Waliotekwa, angalia hojaji walizojaza walipoachiwa, WO 344.

Nyumbani kwetu Changamwe tunasimuliwa kuwa babu alifanya kazi uwanja wa Port Reitz wakati wa vita, kwenye "ndege za mabomu". Ni kweli zilikuwapo? Na jina lake litapatikana wapi? (Msomaji, Mombasa)

Zilikuwapo. Kikosi cha 621 cha RAF kiliundwa hapo Port Reitz, mahali ulipo leo uwanja wa ndege wa Moi, mnamo Septemba 1943, kikitumia ndege za Wellington. Wellington iliundwa kuwa ndege ya mabomu, ila hawa hawakwenda kupiga miji. Walilinda misafara ya meli na kuwinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Mei 1944 Wellington za kikosi hicho, pamoja na za kikosi cha 8, ziliishambulia nyambizi ya Kijerumani U-852 mpaka ikakwama pwani ya Somalia.

Kuhusu jina, usitegemee AIR 27. Madaftari yale yanataja wana-anga; wapagazi, wapishi, walinzi na vibarua wa uwanjani hawamo, na hiyo ni dhuluma ya kumbukumbu inayopaswa kusemwa waziwazi. Kwa hiyo anzeni na vya nyumbani. Je, kipande cha babu, yaani kitambulisho chake cha enzi za ukoloni, kipo? Karatasi ile iliyokaa ndani ya kibweta cha chuma ina jina, mwajiri na mshahara, na ni ushahidi mzito kuliko hadithi kumi. Barua ya kusifiwa kazi, picha ya kundi, beji yoyote, vyote vihesabiwe. Kisha nendeni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, mkiwa na majina yote aliyotumia: la utotoni, la ubini, la Kikristo au la Kiislamu, na namna karani Mzungu angeweza kuliandika.

Unyevu wa Mombasa ni adui yenu mkubwa. Ukungu huanza hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu, na pwani tunaipita karibu kila siku. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pakiti za silika jeli, na kipima unyevu kidogo ndani. Silika ikibadilika rangi, ikaushe katika oveni kwa kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, uirudishe. Kopo lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje. Karatasi yenye ukungu usiipanguse ikiwa mbichi: iache ikauke kivulini, kisha nje ya nyumba, ukiwa na barakoa, upepee kwa brashi laini.

Jaji Ulric Cross aliyekuwa Tanzania, ni kweli aliruka na ndege za mabomu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Kweli kabisa. Mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mwongoza njia katika ndege za Mosquito za kikosi cha 139, akaruka mashambulio 80 na kupata nishani za DFC na DSO. Kikosi hicho kiliitwa "Jamaica" kwa sababu wananchi wa Jamaica walichanga fedha za kununulia ndege. Alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania mwaka 1967. Alifariki 2013. Kwa utafiti wako: tangazo la nishani tafuta katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, mapendekezo ya nishani mfululizo wa AIR 2, na safari zenyewe AIR 27 ya kikosi cha 139. Wazee wa sheria waliomjua Dar es Salaam uwahoji mwaka huu, usingoje.

Nafanya kazi ya kuwatunza wazee hapa Hamilton. Mzee mmoja wa miaka mia aliruka na Lancaster na anapenda kunisimulia. Ningependa kumrekodi. Nifanyeje? (Msomaji, Kanada)

Kwanza ruhusa: ya mzee mwenyewe, ya familia, na ya uongozi wa nyumba mnamofanya kazi. Iwe kwa maandishi, na iseme rekodi itakwenda kwa nani.

Simu inatosha ukiiweka vizuri. Iweke kwenye hali ya ndege, chagua WAV kama programu inaruhusu, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 40 hivi kutoka kinywani mwake. Zima feni, televisheni na friji ndogo. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo uanze. Mwanzoni taja tarehe, mahali na majina yenu. Dakika 45 zinatosha kwa siku.

Usimuulize "vita vilikuwaje". Muulize mikono yake ilishika nini. Soksi ngapi ndani ya buti? Nani alikaa kushoto kwake? Baada ya kutua nani aliwapa chai, na ilikuwa na ramu? Mayai na nyama walikula kabla au baada? Mfungulie daftari lake kwenye mstari mmoja, mwambie asome. Akikosea tarehe usimsahihishe, andika pembeni. Akinyamaza, nawe nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Hamilton mna bahati: pale kwenye jumba la Canadian Warplane Heritage ipo moja kati ya Lancaster mbili tu duniani zinazoruka bado. Kama afya yake inaruhusu na familia imekubali, siku inaponguruma mpelekeni, na kinasa sauti kiwe tayari.

Huenda akafika Hamburg ya Julai 1943, ambako zaidi ya watu 30,000 waliuawa, au Dresden ya Februari 1945, wapatao 25,000. Akilia, simamisha na umuulize kama aendelee. Akisema maneno ambayo watoto wake hawatapenda kuyasikia, usiyafute. Rekodi asili ibaki nzima, na kama familia inataka, sehemu hiyo ifungwe kwa miaka wanayokubaliana, iandikwe kwenye fomu ya ruhusa. Hifadhi ya Lincoln inakusanya pia simulizi za waliokuwa chini, kwenye miji iliyopigwa, kwa hiyo maneno yake hayatakaa peke yake.

Siku hiyohiyo nakili faili mara tatu, lipe jina lenye mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, na uandike ukurasa mmoja wa muhtasari wenye dakika: 00:00 kuzaliwa, 07:30 kujiunga, 19:10 safari ya kwanza. Kisha mpe nakala mzee mwenyewe, kwenye kifaa ambacho anaweza kukiwasha bila msaada.