Kukokotoa ampea za koili za transfoma: kwa nini ya VA 120 imeungua kwa ampea 10

Mkuu, umesema ulinunua transfoma ya volti 230 kwenda 12, imeandikwa VA 120 (yaani volti mara ampea), ukaifungia daiodi nne na kapasita kubwa ili amplifaya ipate ampea 10 za DC. Baada ya nusu saa ikaanza kutoa moshi, na sasa unauliza kama umeuziwa feki na ampea za kila koili zinapigwaje hesabu. Kwa maelezo uliyotoa, transfoma ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni hesabu, na kosa hilohilo nililifanya mwaka wangu wa kwanza wa kusuka transfoma.

Anza na hili kwanza. Ninayo moja ya ukubwa huo hapa mezani. Nikipima koili ya 230 kwa mita, napata omu 9. Kwa kanuni ya Ohm, 230 gawanya kwa 9 ni zaidi ya ampea 25, maana yake fyuzi ingekatika palepale. Nikiichomeka bila mzigo inavuta ampea 0.06 tu. Zile nyingine zimezuiwa na nini?

Zimezuiwa na usumaku. Umeme wa AC unageuka geuka, kwa hiyo usumaku ndani ya bati za kiini, yaani chuma kinachozungukwa na waya, nao unageuka geuka, na usumaku unaobadilika huzaa volti kwenye kila mzunguko wa waya unaozunguka chuma hicho. Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Wengi hudhani volti hizo huzaliwa kwenye koili ya pili, ile ya 12, peke yake. Hapana, huzaliwa hata kwenye koili ya kwanza, ile ya 230, na hapo zinapingana na umeme unaoingia mpaka zinakaribia kulingana nao. Ukiichomeka kwenye DC usumaku haubadilikabadiliki, hakuna kinachopinga, na zile ampea 25 zitapita kweli. Usijaribu.

Kwa kuwa chuma ni kimoja, kila mzunguko unapata volti sawa na mwenzake. Kiini chenye eneo la sentimita 10 za mraba, umeme wa hezi 50 na usumaku wa tesla 1.2, kila mzunguko unabeba kama volti 0.27. Ukigawanya, 230 inataka mizunguko kama 863, na 12 inataka 45. Msukaji huongeza michache upande wa pili ili kufidia volti zinazopotea kwenye waya wakati wa mzigo.

Sasa weka mzigo. Ampea 10 zikipita kwenye mizunguko 45, zinaleta usumaku wa ampea-mizunguko 450 unaopinga ule wa mwanzo. Usumaku kwenye chuma unataka kushuka, upinzani kwenye koili ya kwanza unalegea kidogo, na umeme zaidi unaingia mpaka zile 450 zifutwe. Kwa hiyo 450 gawanya kwa 863, unapata ampea 0.52. Hakiki kwa njia ya VA: 120 gawanya kwa 230, ni 0.52 ileile. Ukizielewa njia hizi mbili huhitaji kukariri kanuni nyingine. Koili za pili zikiwa mbili, tuseme volti 30 ampea 2 na volti 12 ampea 3, jumlisha VA zake, 60 na 36, ugawe 96 kwa 230. Upotevu unaongeza kidogo juu ya hapo.

Turudi kwenye moshi wako. Yangu ilipoanza kunuka vanishi, nilibana klampu mita inayosoma RMS ya kweli (ampea zinazolingana na joto la waya, si wastani wa kawaida) kwenye waya wa koili ya pili, kabla ya daiodi. Kwenye DC nilikuwa na ampea 10. Pale ilisoma 17. Nilidhani mita imeharibika, nikabadilisha, ya pili ikasoma vilevile.

Sababu ni kapasita. Daiodi hazipitishi umeme muda wote, zinafunguka pale tu volti za koili zinapozidi zile zilizomo kwenye kapasita, yaani karibu na kilele cha wimbi. Chaji yote ya amplifaya inabidi iingie katika vipande hivyo vifupi, kwa hiyo ampea zinapanda juu sana kisha zinakatika. Wastani unabaki 10, lakini waya haupati joto kwa wastani, unapata kwa mraba wa ampea. 1.7 mara 1.7 ni 2.89, kwa hiyo koili yako ilikuwa inakula karibu mara tatu ya joto iliyosukwa kulihimili.

Kwa daiodi nne na kapasita, zidisha ampea za DC kwa 1.6 hadi 1.8. Kwako ni 17 mara 12, VA 204, nunua ya 220 au zaidi. Upande wa 230 utavuta kama ampea 0.9. Ukisuka mwenyewe kwa ampea 2.5 kila milimita ya mraba, waya wa pili uwe karibu milimita 7 za mraba, na si 4 kama ungepigia hesabu ya ampea 10.

Kwa aliyeuliza kuhusu ya faza tatu: kVA 100, volti 11,000 kwenda 400, upande wa chini ni 100,000 gawanya kwa 1.732 (kipeuo cha pili cha 3) na kwa 400, ampea 144. Upande wa juu waya wa laini unabeba 5.25, ila kama umefungwa delta, yaani koili tatu zimeunganishwa kama pembetatu, koili yenyewe inabeba 3.03 tu.

Na fyuzi ya upande wa 230 weka ya kuchelewa, ampea 1.6. Ya haraka itakukatikia ukiwasha tu, kwa sababu chuma kinaweza kujaa usumaku kupita kiasi kwenye mawimbi machache ya mwanzo, na koili ikavuta ampea nyingi kwa muda mfupi hata bila mzigo.